Tuwafunze wanafunzi Kiswahili cha mikono

Kwa muda wa miaka minne, dirishani mwa ofisi yangu palikuwa na mmea mdogo ambao hakuna mgeni aliyeingia asiuulizie. Ulikuwa na shina la kijani lenye pembe tatu, urefu wake kama kidole cha kati, na juu ya shina hilo lilikaa tufe jekundu mithili ya pilipili iliyoiva, lenye miiba mifupi na lililozungukwa na vitufe vitano vya aina yake. Nilitunukiwa mmea huo na wanafunzi waliokuwa wakihitimu. Nami, nikiwa mtu wa vitabu kuliko mtu wa jembe, niliumwagia maji kila Jumatatu na kujiona mkulima.

Muhula uliopita niliona kwamba shina lile limeanza kubadilika rangi upande wa chini. Kijani kilikuwa kimegeuka hudhurungi, na nilipoligusa likabonyea. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa amekuja kuniletea kazi yake ya sarufi, aliutazama mmea, akauinua, akaugeuza, kisha akasema, "Mwalimu, shina hili linaoza, lakini kichwa bado ki hai. Ukikitoa leo utakiokoa." Mzazi wake, aliniambia, huzalisha miche ya maembe huko Makueni, na kazi ya kukata na kuunga ameiona tangu utotoni. Nilifurahi, nikamwomba aende akaniandikie nusu ukurasa wa maelekezo, kwa Kiswahili, nami nifuate hatua kwa hatua.

Kesho yake alirudi na karatasi ambayo juu yake palikuwa na mistari mitatu, yote imekatwa kwa kalamu. Akasema kwa haya, "Mwalimu, najua la kufanya, ila sijui la kuandika."

Msomaji mpendwa, maneno hayo yalinikosesha raha. Huyu hakuwa mwanafunzi mvivu wala dhaifu. Alikuwa amesoma Kiswahili miaka 12 kabla ya kuingia chuo kikuu, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akikisoma mikononi mwangu mimi na wenzangu. Anaweza kukuchambulia sentensi changamano kwa mchoro wa matawi bila ya kusita. Anajua ngeli, anajua mizani na vina. Lakini alipotakiwa kumweleza mtu mzima mmoja jinsi ya kukata mmea mmoja, lugha ilimponyoka. Kosa hilo si lake. Ni letu sisi tuliomfunza, na ndilo nitakalo kulijadili leo.

Kwanza nieleze habari za mmea wenyewe, maana bila ya kuujua hatutaelewana. Mpungate, ambao kamusi huuita pia dungusi kakati, si mmea wa asili ya kwetu. Jamii yote ya mipungate ilitoka katika mabara ya Amerika, isipokuwa aina moja tu iitwayo kitaalamu Rhipsalis baccifera, ambayo humea yenyewe hata barani Afrika. Ile miti yetu ya nyikani yenye mashina manene na miiba, ambayo watalii huipiga picha wakidhani ni mipungate, aghalabu ni ya jamii nyingine kabisa, jamii moja na mnyaa. Ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, tena utomvu wa hatari kwa macho. Mpungate wa kawaida hautoi maziwa hayo.

Tufe jekundu la dirishani mwangu lina historia yake. Mnamo 1941, nchini Japani, mkulima wa maua aitwaye Eiji Watanabe aliona katika miche ya mpungate uitwao Gymnocalycium mihanovichii baadhi ya miche ambayo ilikuwa imepoteza rangi ya kijani na kubaki na wekundu. Sote tulifundishwa shuleni kwamba kijani cha mmea, yaani klorofili, ndicho jiko lake. Kwa kijani hicho mmea hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kazi ambayo kwa Kiswahili huitwa usanisinuru. Mche usiokuwa na kijani ni nyumba isiyokuwa na jiko. Hula akiba ndogo uliyozaliwa nayo, kisha hufa. Watanabe aliichukua miche ile, akaiunganisha juu ya mashina ya mipungate mingine iliyokuwa na kijani chake, nayo ikaishi kwa kulishwa na mashina hayo. Leo mimea ya namna hii hukuzwa kwa wingi mno, hasa Korea Kusini, na kuuzwa duniani kote. Shina la pembe tatu linaloibeba hutokana na jamii ileile inayotupa tunda la pitaya, ambalo baadhi ya wakulima wetu hapa Kenya sasa wanalilima.

Kwa hiyo mmea mmoja tuuonao ni mimea miwili. Wa chini hutafuta maji ardhini na kupika chakula. Wa juu hupendeza macho na kula. Kinachoiunganisha ni duara jembamba la mishipa lililo katikati ya kila kipande. Maduara hayo mawili yakigusana hata kwa sehemu, mishipa hushikana na chakula hupita. Yasipogusana, kichwa hukaa juu ya shina kama kofia, na siku ya siku huanguka.

Sasa ndoa hii haidumu milele. Shina la pitaya ni mmea wa nchi za joto: haulipendi baridi, na ukitiliwa maji mengi katika chungu kisichopitisha maji huoza. Huo wangu uliuawa na Jumatatu zangu. Basi mtu mwenye mmea uliofikia hali hiyo afanye nini? Jibu linategemea swali moja ambalo sharti liulizwe kabla ya kisu kushikwa: je, kichwa kina kijani chake au hakina?

Ikiwa kichwa ni chekundu au cha manjano kitupu, hakuna mchanga duniani utakaokifanya kiishi peke yake. Kinaweza hata kujaribu kutoa mizizi, lakini mizizi huleta maji tu, na jiko hakina. Hicho lazima kibebwe na shina jingine. Hapa nitaungama kosa langu. Mimi, kwa kiburi cha shahada ya uzamifu, nilisoma mahali kwamba mipungate yote huota kwa vipande, nikamwambia yule mwanafunzi kwamba tufe kubwa jekundu tutaliweka mchangani lipate mizizi yake. Alinitazama kwa adabu akasema, "Mwalimu, litakula nini?" Sikumsikiliza. Tufe lile likasinyaa kidogo kidogo, na baada ya wiki kumi nikalitupa.

Ikiwa kichwa kina kijani, habari ni tofauti. Wapo wakulima wanaobebesha hata mipungate yenye kijani kamili, kwa kuwa ile inayokua polepole hukua haraka sana ikikaa juu ya shina lenye nguvu. Hiyo imebebwa kwa haraka tu, wala si kwa dharura, na inaweza kushushwa isimame yenyewe. Miongoni mwa vitufe vitano vilivyouzunguka mmea wangu, kimoja kilikuwa na madoa ya kijani kibichi kilichochanganyika na rangi ya damu ya mzee. Hicho ndicho tulichokitegemea.

Kazi yenyewe si ngumu, bali haitaki pupa. Chukua kisu chembamba chenye makali, ukipanguse kwa spiriti. Likate shina chini kidogo ya mahali lilipokutana na kichwa, kisha utazame jeraha. Nyama yake ikiwa safi, bila ya doa la hudhurungi, vyema. Ukiona doa, panguza kisu tena ukate juu zaidi, hadi doa liishe. Kama uozo uko chini tu na sehemu ya juu ya shina bado ni ngumu, usimsumbue aliyebebwa: kata juu ya uozo na uliache shina lenyewe litoe mizizi mipya likiwa na kichwa chake. Kwangu uozo ulikuwa umekaribia kichwa kwa upana wa ukucha, na njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Ukishakitenga kichwa chenye kijani, ondoa mabaki ya shina yaliyokishikilia, kisha uchonge kidogo ukingo wa jeraha pande zote ili linapokauka lisinywee ndani. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, usikipande. Kiweke mahali penye kivuli na upepo, jeraha likitazama juu, mpaka lifanye gamba gumu. Kidogo huhitaji wiki moja hivi. Kikubwa huhitaji mbili au zaidi. Baada ya hapo kiketishe juu ya mchanga mkavu wa chembe kubwa au kokoto ndogo, usikizike, wala usitie maji mpaka uone mizizi imechungulia. Mizizi hiyo hutoka katika lile duara la mishipa. Huenda ikachukua wiki kadhaa, huenda ikachukua miezi. Mvua na baridi huichelewesha. Msimu wa joto huiharakisha.

Vichipukizi navyo vina kanuni yake. Kila kimoja kimeshikamana na mama kwa shingo nyembamba. Hapo ndipo pa kukata. Kilicho kidogo kuliko gololi kiache, kwani hukauka kabla ya kupata mizizi. Na machipukizi ya kijani yenye pembe tatu yanayotoka ubavuni mwa shina lenyewe yaondoe mapema, maana hula chakula cha kichwa. Lakini usiyatupe. Yakaushe, yapande, nayo yatakuwa mashina ya kubeba vichwa vingine.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Vichipukizi viwili vyekundu tuliviketisha juu ya mashina mapya, jeraha bichi kwa jeraha bichi, tukavibana kwa mipira ya kufungia noti kwa muda wa siku kumi. Kimoja kilishika, kimoja kiling'oka. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko haragwe, kikakauka. Cha nne mwanafunzi alikwenda nacho kwao. Na kile chenye madoa ya kijani kilitoa mizizi katika wiki ya saba, minne, myeupe, nami nikamwita kila aliyepita mlangoni aje aitazame.

Nina onyo moja kabla sijaingia katika suala la lugha. Vipande tulivyovikata tulivikusanya, hatukuvitupa uani. Wakazi wa Laikipia wanajua kwa nini. Mpungate wenye mashina bapa, ulioletwa nchini kwa ajili ya ua na urembo, umetapakaa malishoni huko, miiba yake imejeruhi mifugo, na imebidi kutumia wadudu wa kochinili ili kuudhibiti. Kipande kimoja kikianguka chini kinatosha kuanzisha kichaka. Mmea ulioshindwa kuishi katika chungu cha mhadhiri unaweza kuwashinda wafugaji.

Naam, nilipoona mizizi ile minne nililipeleka suala darasani. Niliwaomba wanafunzi wangu, mmoja mmoja, waandike nusu ukurasa wa kumwelekeza mtu asiyewahi kuuona mmea huu ili autoe na kuuotesha mizizi. Niliwaonyesha mmea na nikawaeleza kwa mdomo kila hatua. Sikutaka kupima elimu yao ya mimea. Nilitaka kuona wanavyoandika.

Nilichokisoma kilinisikitisha. Wengi wao walianza kwa methali. Wengi walitumia aya nzima kusifu faida za mimea katika maisha ya binadamu. Mmoja alinukuu kwamba mgomba changaraweni haupandwi ukamea, na kwa kweli ni methali nzuri na ya kweli kwa mgomba; lakini mpungate changarawe ndiyo inayoutaka, na mtu akimfuata mwandishi huyo ataupanda katika udongo wa mgomba na kuuozesha. Walioandika kwamba jeraha likaushwe walikuwa wachache, na hakuna aliyesema likaushwe kwa muda gani. Mmoja aliandika kwamba mmea "ushughulikiwe ipasavyo kwa kuzingatia taratibu zifaazo". Msomaji, hebu shika kisu na ufuate agizo hilo!

Tulipokaa kuyajadili maandishi hayo, ndipo nilipogundua kwamba tatizo halikuwa ukosefu wa maneno. Kinyume chake, maneno yalikuwa tele, ila hakuna aliyekuwa amewahi kuyatia kazini. Tuchukue mfano wa kitendo chenyewe cha kuunganisha. Vitabu vingi vya shule hukiita kupandikiza. Lakini kupandikiza ni pia kuhamisha miche kutoka kitaluni hadi shambani, na siku hizi ni pia kumtia mgonjwa figo ya mtu mwingine, na wanasiasa nao hupandikiza chuki. Mkulima akiambiwa "pandikiza mche" atajuaje kama achukue jembe au kisu? Hata hivyo Kiswahili kina neno lake la kale la kuhamisha miche, nalo ni kuatika. Nililiuliza darasani, waliolijua hawakufika watatu. Tukilirejesha kuatika kazini kwake, kupandikiza kutapumua.

Kisha mwanafunzi mmoja akasema kwamba amewahi kusikia wakulima wa korosho wa Tanzania wakisema kubebesha: mche hubebeshwa kikonyo. Nilifurahi mno, maana hakuna istilahi iliyotungwa mezani inayoweza kulishinda neno hilo kwa uwazi. Mmea mmoja umembeba mwingine. Kila mtoto aliyewahi kufungwa mbeleko mgongoni mwa mamake ataelewa bila ya kufafanuliwa.

Likabaki swali la kitendo cha kinyume. Sarufi yetu ina kauli ya kutendua: tunafunga na kufungua, tunabandika na kubandua, tunakunja na kukunjua. Mmoja akapendekeza kwa haraka: kama kuunganisha ni kuunga, basi kutenganisha kuwe kuungua. Darasa likaangua kicheko, kwa sababu mmea utakaoungua hautakuwa na haja ya mizizi. Huo ni ushahidi kwamba kanuni ya sarufi pekee haitoshi. Sharti neno lipimwe sokoni. Ndipo yule mwanafunzi wa kwanza, aliyenirudishia karatasi yenye mistari mitatu iliyokatwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mtu aliyebeba mzigo anatwikwa, na akifika anatuliwa. Kwa nini tusiseme mmea umetuliwa?" Kutwika na kutua. Kubebesha na kutua. Neno lilikuwa limekaa kamusini miaka mingi likisubiri kazi, na aliyelipata ni yule aliyewahi kuishika kazi yenyewe kwa mikono.

Nasimulia haya kwa sababu kila mwaka nasikia katika makongamano na katika vyumba vya walimu kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi na ufundi. Hoja hiyo ina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Ukweli wake ni huu: yapo mambo ya ndani ya chembe hai ambayo itatubidi tuyakope majina, kama tulivyokopa klorofili, na hakuna aibu katika kukopa. Lakini maneno ya kukata, kukausha, kuchonga, kubana, kuketisha, kusubiri na kuchunguza hayakukosekana kamwe. Kilichokosekana ni somo ambalo ndani yake maneno hayo yanatakiwa. Katibá ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, zaidi ya kuwa lugha ya taifa. Mnamo 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hizo ni heshima kubwa. Lakini lugha haiishi kwa heshima inazopewa. Huishi kwa kazi inazofanya.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema kwamba masomo ya sayansi na kilimo hufunzwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza, hivyo mwalimu wa Kiswahili anaingilia shamba la mwenziwe. Siombi lugha ya masomo hayo ibadilishwe leo. Huo ni mjadala mwingine. Naomba tu kwamba ndani ya kipindi chetu wenyewe cha Kiswahili, mada za insha zitoke katika mambo ambayo mwanafunzi anayafanya. Mtoto anayemsaidia nyanyake kupanda viazi ana mengi ya kuandika kuliko anapoulizwa kwa mara ya mia atunge kisa kitakachothibitisha methali.

Wengine watasema kwamba mtihani tayari una insha za uamilifu: barua, hotuba, kumbukumbu za mkutano na hata maelekezo. Ni kweli. Lakini tazameni tunavyozisahihisha. Tunatoa alama kwa kichwa, kwa mtindo, kwa msamiati na kwa hijai. Hakuna mtahini anayejua, wala anayeweza kujua, kama mtu akiyafuata maelekezo yale kitu kitatokea. Mwanafunzi wangu aliyeandika "ushughulikiwe ipasavyo" hana kosa la hijai hata moja. Angepata alama nzuri, na mmea ungekufa.

Na wapo, tena ni watu ninaowaheshimu, watakaohofia kwamba tukiandika habari za mchanga na kisu tutaua utamu wa lugha. Hawa nawaomba watulie. Mimi mwenyewe nafunza ushairi na naupenda, na msomaji mwangalifu ameshaona kwamba hata makala haya hayakuweza kuiacha methali. Lakini hao wazee wetu waliotuachia methali hawakuzitunga darasani. Aliyesema habari za mgomba na changarawe alikuwa ameupanda mgomba akaona haumei. Utamu ule ulitoka katika kazi. Tukiendelea kuwakaririsha watoto methali huku tukiwanyima kazi iliyozizaa, tutakuwa na kichwa chekundu cha kupendeza kisichokuwa na jiko.

Basi napendekeza nini? Sipendekezi kamati, wala sipendekezi fedha. Napendekeza jambo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulianza muhula ujao. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, unatutaka tumpime mwanafunzi kwa analoweza kulifanya. Hivyo hakuna atakayetulaumu. Mwalimu wa Kiswahili na akae na mwalimu wa kilimo, wachague kitendo kimoja kidogo: kuotesha kipande cha muhogo, kutenga chipukizi la mgomba, kuatika sukuma wiki, na penye uwezo, kubebesha mche wa mwembe au wa parachichi. Darasa moja na liandike maelekezo kwa Kiswahili, na darasa jingine, ambalo halikuelezwa lolote, lipewe karatasi hizo liyafuate neno kwa neno. Baada ya mwezi watazame kilichomea na kilichokufa. Palipokufa, wasome tena na kuuliza: ni neno gani lililokosekana hapa? Je, mwandishi alisahau kusema "kwa siku ngapi"? Alisema "kidogo" pasipo kipimo? Alitumia neno lenye maana mbili?

Ninawahakikishia walimu wenzangu kwamba baada ya zoezi moja la namna hiyo, mwanafunzi hatahitaji kuhubiriwa juu ya umuhimu wa kuandika kwa usahihi. Ataona kwa macho yake kwamba sentensi mbovu huua. Nasi tutapata faida ya pili, kwa sababu maneno kama kuatika, kubebesha na kutua yatatoka vijijini na kurudi madarasani, na watunga kamusi watakuwa na mahali pa kuyaokota.

Na nyinyi wanafunzi mnaosoma haya, msingoje mwalimu. Kila nyumba ina fundi wa jambo fulani: anayeshona, anayekama, anayeziba pancha, anayekaanga mandazi. Kaa naye, mtazame, muulize jina la kila kifaa na kila hatua, kisha uandike. Mpe mwenzako afuate. Ukishindwa, urudi uulize tena. Anayetaka cha mvunguni sharti ainame.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyebebwa hujifunza kwa kumtazama anayembeba, na sisi walimu ndio tuliowabeba hawa kwa miaka mingi. Kama kisogo walichokiona ni cha mtu anayepamba maneno tu, hawatajua kuandika lolote lingine. Wengi wao, nina hakika, wana kijani chao wenyewe. Tuliwabeba kwa haraka, wala hawakuwa wakihitaji kubebwa hadi shina lioze. Wakati wa kuwatua umefika.

Yule mwanafunzi alileta tena karatasi yake wiki iliyopita. Ni nusu ukurasa, hatua tisa, haina methali hata moja. Nimeibandika dirishani kando ya chungu kipya. Hatua ya mwisho inasema: "Usitie maji kila Jumatatu. Gusa mchanga kwanza. Ukiwa mkavu hadi chini, ndipo utie."